73,939,133

Dunga, Kisumu
14 Juni 2025

Dadangu mpendwa Nangila,

Huu ni mwaka wa thelathini na tatu tangu tukimbie mapigano kule Cheptais, wewe ukarudi, mimi nikabaki huku ziwani. Natumaini goti lako limepoa na kahawa imezaa vyema. Mimi ni mzima, siku hizi nacheka kuliko zamani, na sababu yake ni namba.

Uliniuliza nitajenga lini kwenye kile kipande ulichonihifadhia kando ya makaburi ya wazazi. Nitakujibu, ila nivumilie kidogo.

Jirani yangu Lorine, mjane kutoka kijiji cha Pap Onditi, ambaye mwenyewe alifundisha hesabu hadi akastaafu, mwaka jana aliandika kwa chaki kwenye tangi letu la maji: 73,939,133. Nikamuuliza kama ndiyo bili. Akasema nisiitanie; hiyo ni namba tasa, haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Tena ukifuta tarakimu ya mwisho, inayobaki nayo ni tasa. Futa nyingine, bado. Endelea hivyo hadi ibaki saba peke yake, na saba nayo haigawiki. Nikawaza shamba, ng'ombe, majirani, yote tuliyopunguziwa, Nangila, na bado sisi ni sisi.

Akapendekeza tuihakikishe kwa kalamu, bila simu. Ilibidi tuigawe kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu nane na mia sita, nazo zinapita elfu moja. Ikawa kazi yetu ya jioni barazani, yeye akigawa, mimi nikikagua. Becky anayetuuzia omena, dagaa wa huku ziwani, huuliza kama wazee bado wanagawana urithi. Lorine humjibu kuwa shamba ni kubwa na warithi hawaelewani.

Sasa nikiri. Namba ile niliijua tangu nilipokuwa mkutubi. Nilisoma kitabuni kwamba ni tasa. Nilinyamaza ili jioni zetu zisiishe. Jumanne Lorine aliweka kalamu chini, akasema kwa huzuni kwamba imegawika kwa 1,103 bila baki, basi kazi imekwisha. Nikaruka kitini nikimwambia haiwezekani, arudie! Akaniuliza, "Mzee, umejuaje?" Akacheka hadi miwani ikamwanguka. Kumbe ameifundisha namba hiyo miaka mingi, na alikuwa akisubiri tu nijifichue.

Nilimwomba tuoane kabla hajaiokota miwani. Amekubali, kwa sharti tumalize kugawa. Hata robo hatujafika.

Harusi ni Agosti. Njoo na kahawa yako. Kile kipande ukipande migomba. Lorine anasema ukiongeza tarakimu yoyote mwishoni mwa namba ile, itagawika. Imefika pale inapofika. Nisalimie shemeji Wechuli na wajukuu wote, uwaambie babu yao amepata nyumbani.

Sitarudi, dada.

Ni mimi kaka yako,
Wakhungu