Haya Maji ya Nani?

Ngombezi, Korogwe

Dada Mwanahamisi, shikamoo. Hapo Handeni mvua imewakumbuka, au bado mnaitazama kwa wenzenu? Mimi mzima, nauza mitumba kambini kwa wakata mkonge. Juzi nimemuuzia msimamizi koti la kike, nikamwambia ndivyo wanavyovaa Ulaya. Kalivaa kazini!

Sasa dada, kaa chini. Ni habari ya mwanao Rashidi.

Tangu tajiri mpya afungue kiwanda alikuwa anapiga kazi vizuri. Mwezi huu kaanza kunyamaza. Siku moja narudi chumbani kwetu, namkuta kavaa shati nje ndani, anamwaga maji yote ya kunywa. Nikamuuliza, "Mjomba, kulikoni?" Kaniangalia tu: "Haya maji ya nani?"

Dada, unayakumbuka maneno hayo? Baba yake alisema hivyohivyo, kambi hiihii, ile wiki aliyotembea mpaka mto Pangani asirudi, wewe una mimba. Tukakubaliana mtoto asiambiwe. Hajamwona hata kwenye picha.

Msimamizi kasoma, anasema mtu huiga anachokiona. Nikamuuliza, kamwiga nani? "Nyinyi wahuni!" Kamhamishia chumba cha mzee mmoja mpole, eti aige upole. Siku chache tu, mzee huyo kaja na godoro kichwani: "Yule kijana halali, anasikiliza kitu. Nimehama."

Hata mtani wangu Mnyamwezi, aliyekata mkonge na shemeji, mumeo, yule ambaye hata msibani hanikosi kwa matusi, jana alimwona Rashidi akipita. Nikamchokoza: "Vipi mtumwa wangu, umemeza ulimi?" Hakunirudishia. "Mzigua, leo sina utani. Mwite dada yako."

Leo asubuhi Rashidi kaniuliza, "Mjomba, mtu akienda Hale kwa miguu anapita wapi?" Nikamdanganya njia. Kacheka. "Huko siko." Na Hale, hukohuko mto Pangani, hajawahi kufika!

Biashara nimefunga, namfuata kila anakokwenda. Njoo umwambie mwenyewe baba yake alikuwa nani. Mimi nashindwa, akinitazama namwona shemeji. Panda lori hilihili la ng'ombe lililokuletea barua.

Mama msalimie, mwambie nimenenepa, haya mengine usimsomee. Msalimie na wifi yako, dada wa shemeji. Kabla hujaondoka muulize: hali hii kwao ilianza na baba yake Rashidi, au kuna mwingine kabla yake?

Ni mimi mdogo wako,
Athumani