Mzee wa Soksi Anaongea Ukweni

Shoga, niko ukweni, nimejifungia chooni. Usipige simu, soma tu.

Unamkumbuka yule mzee wangu wa soksi, kikaragosi wa video zangu za mtandaoni, mwenye macho ya vifungo? Sauti yake ni ya mama mkwe. Nilichukua zile voisi anazonitumia kunisema, nikazikatakata, nikapunguza kasi kwa nusu mpaka ikatoka sauti ya dume zito. Nikasema hapa hata aliyemzaa hamtambui.

Leo tumemaliza kula, wifi akatoa simu. "Mama, njoo uone kituko." Video yangu. Hajui ni yangu.

Soksi ikafungua mdomo: "Sufuria husuguliwa, haibembelezwi."

Mama mkwe akacheka mpaka machozi. "Huyu mzee ana akili. Lazima naye ana mkwe kama wangu." Akaniangalia mimi, shoga. Mimi. Nikacheka, ningefanyaje.

"Rudisha." Ikarudishwa mara nne. Sufuria husuguliwa. Mume wangu ndiye hacheki, amekodolea macho ile soksi. Ni yake. Aliitafuta wiki nzima na mimi nikamsaidia kutafuta.

Ndipo nikasingizia tumbo.

Ngoja. Nawasikia sebuleni. Wifi anasema, "Ila huyu mzee anaburuza maneno, mama. Acha niweke kasi mara mbili."

Shoga.

Namsikia mama mkwe akisema sufuria husuguliwa, haibembelezwi.



Namsikia tena, ananiita. Hii ya pili haitoki kwenye simu.