Birika Lililorudi Limejaa

Mjini Safi, Ijumaa baada ya sala

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima, na mkono wako naubusu kutoka huku mbali. Goti linaendeleaje tangu uhamie Tiznit kwa kaka Brahim? Na mkewe, bado anakuficha chumvi? Mwambie aendelee kuificha. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio wenye habari. Nimeichelewesha barua hii wiki tatu kwa kuyaogopa macho yako, ingawa najua atakayekusomea ni Brahim. Kaka, soma yote. Usiruke.

Mama, unakumbuka siku niliyopewa koti la bluu la usimamizi pale kiwandani, baada ya miaka kumi na mmoja ya kukata vichwa vya sadini na kuzipanga makoponi? Ulilia, kisha ukanikanya nisisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Nikacheka, nikasema nitasahau vipi na harufu ya samaki haikunitoka hata siku ya harusi. Nilisahau upesi.

Majira ya kuchipua, meneja wetu, Bwana Lahlou, alilalamika kwamba meza yangu iko nyuma ya nyingine kwa idadi ya makopo. Siku chache baadaye kikatokea kibao: kipande cha ubao chenye kamba, kimetundikwa msumarini karibu na mlango. Anayekwenda chooni akivae shingoni, na asiyekikuta angoje mwenzake arudi. Kibao kimoja, wanawake arobaini. Wote walisema ni ukatili wa Lahlou. Hafida, yule mwenye ulimi, akasema bila shaka mkewe bwana huyo anamfungia choo nyumbani, ndiyo maana anatulipizia sisi. Nilicheka pamoja nao.

Makopo yaliongezeka. Lahlou akanisifu mbele ya wasimamizi wenzangu, nami nikavimba kichwa. Kilichobadilika ni birika. Unaijua chai ya saa nne: mtu atagombana na mumewe na mama mkwe, lakini glasi ya chai ya nanaa haikatai. Sasa birika lilirudi jikoni limejaa. Mzee Allal anayepika chai aliniuliza mara mbili kama amekosea sukari. Nikamjibu kwamba wanawake wangu siku hizi wanapenda kazi kuliko chai. Nilisema hivyo, Mama, na nilikuwa nikiamini.

Shoga yako Lalla Rkia ndiye pekee aliyenijia. Alinivuta kando, akaniambia polepole kama anayesema na bintiye, “Mbarka mwanangu, kibofu cha bibi wa miaka hamsini na minane hakijui kupanga foleni.” Nikamwambia sheria ni ya wote, siwezi kumpendelea. Akarudi kwa samaki wake. Hakukigusa kibao tena, nami nikadhani amezoea.

Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, mvuke wa matanuri umejaa ukumbini, alianguka na kisu mkononi. Mimi na Hafida tulimkimbiza hospitali. Daktari alisema figo zimeumia kwa kukosa maji, akaniuliza mama huyu hunywa nini tangu asubuhi. Hafida akajibu kabla yangu. Alisema hanywi kitu, wala hakuna anayekunywa. Tangu kibao kije hawaonji hata maji mpaka wafike nyumbani.

Kesho yake Lahlou alinipa karatasi ya kusaini. Ilisema Rkia alificha ugonjwa wake wa zamani, kwa hiyo kiwanda kinamwachisha kazi. Miaka thelathini pale, na saini ya kummaliza ilikuwa yangu mimi, niliyebebwa naye mgongoni wakati wewe ukiwa zamu.

Sasa nakuambia kilichonifanya niogope kuandika. Kile kibao hakikuwa cha Lahlou. Ni mimi niliyekikata kutoka sanduku bovu la samaki, nikakitoboa, nikakifunga kamba ya aproni yangu ya zamani. Lahlou aliniuliza tu nina mpango gani, akaupenda. Nikawaacha wanawake wamtukane yeye. Walimtafuta adui ofisini, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nilihesabu makopo kila saa, wala sikutazama midomo iliyokauka mbele yangu.

Sikusaini. Nilimwambia Lahlou aandike ukweli, kwamba kibao ni changu na Rkia hakuficha chochote. Akasema vizuri, basi koti nilivue. Nikalivua. Saa nne nikasimama mbele ya meza na kibao mkononi, nikawaeleza wanawake kila kitu. Hafida alinigeuzia mgongo, na hadi leo hajanisemesha.

Karatasi ile haikusainiwa, na jana Lalla Rkia alirudi kazini, amepewa kazi nyepesi ya kufuta makopo mezani petu. Mimi niko mezani na kisu changu cha zamani. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu, kando ya mahali pake. Chai ilipoletwa alinimiminia glasi, akasema, “Kunywa basi, unanikodolea nini? Inapoa.” Nikanywa na machozi yananitoka. Wengine wawili watatu nao wakanywa, na birika likarudi nusu.

Nina swali moja, Mama. Tulipokuwa wadogo, ulikuwa ukirudi kutoka kiwandani, kabla hata ya kuvua jelaba unakunywa kata tatu za maji umesimama. Mimi na Brahim tulikuita ngamia tukikucheka, nawe ukacheka. Je, enzi zenu mlikuwa na kibao? Nani alikitundika? Nimemuuliza Lalla Rkia, akasema nikuulize wewe. Nisamehe kicheko kile kwanza, ndipo unisamehe haya mengine.

Nisalimie mke wa kaka na watoto wote, na majirani wanaonikumbuka kwa wema. Mungu akuweke.

Kunywa maji, Mama.

Mwanao,
Mbarka