Stesheni Kwenye Migomba ya Mama Zaina

Jumatatu, 7 Julai. Gitega

Leo ofisini nimechapa upya ukurasa wa vyoo katika ripoti ya stesheni. Sasa mkurugenzi anataka pia njia ya mteremko pembeni ya ngazi, kwa wazee na wenye magongo. Sawa. Naupenda mradi huu. Serikali imetoa fedha za kupima njia ya treni ya abiria kutoka hapa hadi Muyinga, na naamini itajengwa. Siku hizi tunakaa garini nusu siku tukingoja mafuta. Treni itatutoa huko.

Alasiri mkurugenzi kaniambia kesho nifuatane na Deo, mpima ardhi, hadi Muyinga. Deo apime, mimi niandike. Nilisema ndiyo haraka mno.  Kusimama mbele ya watu siwezi.

Jumatano, 9 Julai. Muyinga

Tumepima viwanja viwili. Kimoja karibu na soko. Kingine mlimani, katika migomba ya Mama Zaina. Kimoja tu kitachaguliwa, na si na sisi. Deo amechomeka vijiti vyekundu kote kuwili.

Mama Zaina ni mjane. Ndizi zake hushuka sokoni kwa baiskeli. Ndizo chakula, ndizo daftari za wajukuu. Alitupa za kuchoma, tukala.

Mkuu wa kilima, yaani kiongozi wa kijiji chao, Mzee Salvatori, akaniuliza mbele ya watu, "Basi treni itasimama hapa?" Nilipaswa kusema bado haijulikani. Nikatabasamu. Nikainamia karatasi zangu. Mjinga mimi.

Ijumaa, 11 Julai. Muyinga

Deo amemaliza, amepanda basi. Mimi nimebaki kuandika maoni ya watu wa sokoni.

Jioni mwenye nyumba ya wageni kanipa habari kwa furaha. Kesho, kazi ya pamoja ya Jumamosi haitakuwa ya kufyeka barabara. Kilima kizima kinakwenda kukata migomba ya Mama Zaina. Mama mwenyewe ndiye aliyependekeza. Wanasema yule binti wa Gitega alitabasamu, maana yake tunaongoza. Serikali ikikuta uwanja umeshasafishwa, haitaenda sokoni.

Wakadiriaji wa fidia hawajaja. Mgomba wanaoukuta umesimama hulipwa. Uliokatwa haulipwi. Na soko likichaguliwa, mama huyu atabaki na udongo mtupu.

Mkurugenzi hapatikani kwenye simu. Nimempigia Deo, kacheka. "Waache, dada. Mi iko njiani."

Ninaogopa. Nitakwenda.

Jumamosi, 12 Julai. Muyinga

Walikuwa wengi, wanaimba, mapanga mikononi. Migomba ya chini ilikuwa imeshalala. Nilisimama mbele yao.   Nikasema yote. Kiwanja hakijachaguliwa. Nilitabasamu kwa sababu ya woga. Mgomba uliokatwa haulipwi.

"We iko serikali?" Mzee Salvatori akauliza. "Mtoto kama wewe?"

"Leo ni mimi tu niliyepo, mzee."

Mtu akasema kutoka nyuma, "Basi serikali yetu iko na miguu myembamba sana." Wakacheka wote. 

Mama Zaina hakucheka. "We umekula ndizi zangu, ukanyamaza?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Alinitazama hadi nikataka kukimbia. Sikukimbia. Akaweka panga chini. "Mi nataka treni. Binti yangu iko Gitega, mwaka huu sijamuona. Lakini njaa sitaki."

Baada ya hapo hakuna aliyekata. Mzee Salvatori alinambia atanishtaki kwa wakubwa zangu. Kisha akawapeleka watu kuziba mashimo kwenye njia ya baiskeli. Sijala kitu tangu asubuhi. Nimefurahi.

Jumatatu, 14 Julai. Gitega

Mashtaka yalinitangulia ofisini. Mkurugenzi kauliza kama ni kweli nilisimamisha kazi ya pamoja bila ruhusa ya mtu. Nikasema kweli. Sikuomba radhi kwa hilo. Niliomba kwa ukimya wa Jumatano. Nilijua kazi inaweza kuniponyoka pale pale. Nikangoja.

Akasema kuanzia sasa vijiti havichomekwi kabla watu hawajaelezwa. Atakayewaeleza ni mimi. Wiki ijayo naanza na watu wa Mwakiro. Nikasema ndiyo, taratibu safari hii.

Jioni Mama Zaina kapiga kwa simu ya jirani. Alitaka kujua wakadiriaji watakuja lini. Nilikuwa nimeshauliza: kabla ya mvua. Akauliza, na wasipochagua kwake? Nikamwambia basi ataendelea kuvuna, na treni ataipandia sokoni.  Akasema sokoni si mbali.

Kisha akaaga, mbuzi walikuwa bado nje.