Yohana Wote wa Getini

Jumanne. Upepo tangu alfajiri, baridi ya Julai ile inayopasua midomo, na vumbi mpaka ndani ya chai.

Nimechoka. Kazi inachosha, sikatai: kukaa getini kwenye eneo la ujenzi hapa Msalato, kuandika kila anayeingia na kila anayetoka. Lakini zaidi nimechoka kukasirika.

Leo mjukuu wangu ametimiza siku arobaini na bado sijamwona.

Acha niliandike lilivyo. Mwanangu Yohana alifariki Februari, akamwacha mkewe Rehema na mimba ya miezi sita. Rehema akaenda kujifungulia kwao Kolo. Siku ya saba baba yake Rehema, Mwislamu, akampa mtoto jina la Yahya, na Rehema akanipigia kunijulisha. "Mama, ni jina lile lile la baba yake," akasema. Nikamjibu, "Si lile," nikakata simu. Tangu siku hiyo akipiga sipokei.

Wala si kwamba sikujua. Nimekaa kanisani miaka hamsini. Najua Yahya mwana wa Zakaria ndiye Yohana Mbatizaji. Nilijua, ila sikutaka kujua. Niliona wamemfuta mwanangu.

Halafu kuna Mzee Chilongani, mlinzi wa geti letu. Ni katekista huko kanisani kwao, anapenda kufundisha hata asipoombwa. Wageni wa mradi wana majina yao: Ivan, Juan, Jean, na yule mrefu Johannes. Mzee aliwaeleza wote kwamba jina lao ni moja, lilianzia kwa Waebrania, Wagiriki wakalichukua, Warumi nao wakalichukua, kila taifa likalitamka kwa mdomo wake. Maana yake, anasema, Mungu ana fadhili. Tangu hapo anawaita wote jina moja, kwa sauti ya kuitia ng'ombe: "Yohana! Saini kwanza!"

Mara kumi kwa siku nasikia mwanangu akiitwa.

Leo saa nne nimeshindwa. Nimemfokea mzee wa watu mbele ya madereva, mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Nimemwambia Yohana ni mwanangu na yuko kaburini, hao wengine awaite majina yao. Na hizo fadhili anazozihubiri, mimi sijaziona.

Akavua kofia. "Nisamehe mama, sikuwa na habari," akasema. "Lakini wote wanaitika."

Nikarudi kwenye daftari langu kwa aibu, na aibu yenyewe bado ninayo ninapoandika hapa. Kurasa na kurasa za mwandiko wangu: Ivan, Juan, Jean. Kila mmoja ana mama huko kwao aliyemwita hivyo tangu akiwa mchanga, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika getini kwamba amefutwa.

Saa ya chakula nimempigia Rehema. Amepokea papo hapo. "Shikamoo mama," akasema, halafu akaanza kulia, nami nikalia. Sahani ya wali na maharage ikapoa mbele yangu. Nilipojifuta machozi nikamwomba amwekee mtoto simu sikioni.

Nilitaka kusema Yahya. Nilikuwa nimejizoeza njia nzima kutoka getini hadi kwa mama ntilie. Likatoka Yohana, na safari hii bila hasira, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nikasubiri Rehema anisahihishe.

Nikamsikia akimwambia mtoto, "Itika, baba. Bibi anakuita."

Jumamosi naenda Kolo. Nikifika mlangoni kwao nitaita Yahya.