Hukuvuka Tawi

Mama Achol,

Umekaa sana. Tangu tukuzike Kakuma mvua imekuja na kwisha, na hujanijia ndotoni hata mara moja. Mama yangu mzazi alikuja siku ya nne baada ya kuzikwa, kuomba tumbako, na hata hatukuwa tunapatana. Wewe tuliyekula nawe sahani moja miaka yote hii, kimya. Najua kwa nini. Umenikasirikia. Basi kaa unisikilize. Kalamu siijui, binti yangu ndiye anaandika, lakini maneno ni yangu na nimemkataza kuyatia sukari.

Habari ya tawi nilikufundisha mimi. Ulikuwa umetoka kwenye kambi ya wakimbizi, umepanda gari mpaka huku kutafuta majani ya mkoma ya kusukia vikapu, unatembea msituni kando ya mto Turkwel kama mtu aliye kwenye uwanja wa kanisa. Nikakufokea, "Wewe mrefu, huko juu huoni chini?" Ukajibu, "Wewe mfupi, basi nionee." Ndipo nikakuonyesha. Tawi la miiba likilala katikati ya njia, mbele kuna ubaya, rudi. Likivutwa pembeni, mwenye kulivuta amekwenda akaangalia, njia ni nzima, pita. Ukauliza kwa nini hatuandiki kwenye ubao. Nikasema tukiandika, mimi na wewe nani atasoma? Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Tawi la siku zako za mwisho nililikata kwa mkono wangu, nikalilaza katikati ya njia. Mafuriko yalikuwa yamekula ukingo wa mto kwa chini, na juu udongo unaonekana mzima, majani yameota. Nikamwambia Ekal. Unamjua, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemnyonyesha pamoja na wangu. Sasa ni mwenyekiti wa kamati ya msitu, ana kofia na filimbi ya kuongozea wageni. Akasema, "Nimesikia, mama mkubwa."

Halafu wakaja wageni wakubwa kutoka Nairobi. Ekal akavuta tawi pembeni ili njia yake isionekane kuwa na kasoro. Akatembea nao, akawageuza kabla ya pale pabaya. Maana alipajua. Wakaondoka, na tawi hakulirudisha.

Kesho yake ukaja wewe na kisu chako cha kukatia majani. Ukaona tawi liko pembeni. Ukapita, kama nilivyokufundisha, na ukingo ukaporomoka nawe mtoni.

Baada ya mazishi kukawa na baraza hapa Lodwar. Ekal akasimama akasema yule mama wa kambini alikuwa mgeni, hakujua desturi zetu, alivuka tawi. Achol wako alikuwa ameketi pale chini. Aliniangalia mimi, si Ekal. Na mimi nilijua, Mama Achol. Ekal alikuwa ameniambia kwangu, akila chakula changu: "Lile tawi lingetuaibisha mbele ya watu." Nikanyamaza. Nilisema moyoni, huyu ni mtoto wangu, atasimama mwenyewe aseme. Nikangoja. Watu wakainuka, wakapangusa nguo, wakaenda, na kosa likabaki lako.

Wiki iliyopita kamati iliita watu tena. Wanataka kufungua tena njia ile, na ukingo ni ule ule. Hapo nikasimama. Nikasema yote, nani alikata tawi, nani alilivuta, nani hakulirudisha. Ekal hakukasirika. Ningependa akasirike. Alisema polepole, kama anaongea na mgonjwa, "Msameheni mama mkubwa. Amezeeka, anachanganya siku." Wakacheka. Majirani zangu, ambao watoto wao niliwapokea mimi walipozaliwa, walicheka. Na kile kinywa kilichosema vile nilikilisha mimi kwa vidole hivi wakati wa njaa. Binti yangu ameacha kuandika ananiangalia. Andika, wewe.

Siku hizi kila asubuhi naenda kuketi pale kabla ya ukingo na fimbo yangu, narudisha wageni. Juzi wawili walidhani nauza vikapu, wakanipiga picha. Nikawaambia pigeni, halafu mrudi mlikotoka. Walirudi. Ekal akiniona anapita mbali, hata salamu yetu ya ejok hanipi. Na mimi simwiti.

Jumapili nakuja Kakuma. Nitasimama kanisani kwenu mbele ya Achol na watu wako, niseme hukuvuka tawi. Nitasema pia kwamba nilijua na nikanyamaza. Hilo ni gumu zaidi, lakini nitalisema. Wakinitoa nje nitakaa mlangoni mpaka ibada iishe, niseme tena wakitoka. Hilo nakuahidi.

Sasa pumzika, mwanamke mrefu. Na ukija kunitembelea, usipitie mtoni, hata ukute tawi limewekwa pembeni vizuri namna gani. Tawi la huku usiliamini tena. Simama kwenye barabara ya lami uniite kwa jina langu. Nitakuja kukuchukua mwenyewe.