Mgeni Niliyekuahidi Hatakuja

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka. Umeamkaje huko Nkoma? Mguu umepoa, au bado unachechemea ukitoka shamba? Na pamba, imepata mvua? Mimi mwili ni mzima. Siku ile ulipopiga simu nikakata, sikuwa na hasira. Sauti ndiyo ilikataa. Ndiyo maana naandika. Dada Kabula akusomee taratibu.

Mayu, Paskali amefariki. Yule Mmbulu wa Karatu niliyekuwa nafanya naye kazi hapa Arusha kwenye banda la farasi, niliyepanga kuja naye nyumbani msimu wa watalii ukiisha.

Nilipofika hapa sikuwa na mtu. Nilidhani aliyechunga ng'ombe hawezi kushindwa na farasi, kumbe siku ya kwanza mmoja alirusha teke, nikaruka uzio. Wenzangu walicheka sana. Paskali peke yake ndiye aliyenifuata.

"Msukuma mzima unamkimbia mnyama asiye na pembe?"

Akanishika mkono, akauweka shingoni mwa farasi mpaka woga ukaniisha. Tangu hapo tukala sahani moja. Nilipougua malaria alifanya zamu yangu na yake. Jioni tukiwasugua farasi alinidai maneno ya Kisukuma, asije akakosa la kumwambia mama yangu.

Kazi yake ilikuwa kuwasindikiza watu wanaojifunza kupanda farasi. Siku moja wakiwa barabarani bodaboda ilipita ikipiga honi, farasi wake akashtuka, akamtupa. Kichwa kikagonga jiwe. Hospitali nilikaa naye. Alifumbua macho mara moja tu, akaniuliza, "Farasi hajaumia?" Nikamwambia hajaumia. Hakusema tena.

Tulimpeleka kwao. Msibani nilikaa nyuma kabisa, maana mimi si ndugu. Mama yake akaja akanitazama.

"Wewe ndiye Masanja?"

Nikaitika.

"Mbona umekaa na wageni?"

Akaniongoza hadi kaburini, nikatupa udongo pamoja na wajomba zake. Mayu, yule mama hana mtoto mwingine.

Nimerudi kazini. Kitanda chake kiko wazi. Nikisonga ugali nasonga wa watu wawili, mwingine unalala.

Sasa nina ombi. Mama yake ameniuliza kama naweza kwenda kumsaidia kuvuna mahindi. Najua umenisubiri muda mrefu, na pamba yako nayo inataka watu. Naomba uniruhusu nianzie kwake, kisha nije. Ukisema hapana, sitanung'unika, nitakuja moja kwa moja.

Nisalimie baba, na mjomba wa kule Zagayu aliyenisindikiza hadi stendi ya Bariadi. Shangazi wa kwaya umwambie namkumbuka. Kabula ambusu mwanawe, sijamtia machoni bado.

Jumapili ukienda kanisani, mtaje Paskali kwa jina. Mtaje na mama yake. Kule kwao watu bado wanamwita Mama Paskali, naye anaitika.

Ni mimi mwanao,
Masanja